Excel inasema 14, SPSS inasema 18.25, mkono unasema 16: nani mwongo?

Kuna dada ameniandikia hivi:

"Habari kaka. Nasoma diploma hapa Kampala ila nyumbani ni Busia, na nafanya risachi ndogo ya mapato ya raida wa boda kwenye steji yetu. Niliuliza raida kumi kila mmoja ameingiza ngapi siku hiyo kabla ya kutoa mafuta. Supavaiza anataka nionyeshe hayo mapato yametawanyika kiasi gani, akasema nitumie tofauti ya robo ya tatu na robo ya kwanza. Nikapiga kwa Excel ikaleta 14. Rafiki yangu akaweka kwa SPSS, ile programu ya takwimu, ikaleta 18.25. Nikafanya kwa mkono kama tulivyofundishwa sekondari nikapata 16. Nimerudia mara nne. Nani anakosea na niandike ipi? Data ni hizi, kwa maelfu ya shilingi: 22, 95, 15, 30, 12, 40, 26, 18, 34, 24."

Dada, kwanza pole na hizo mara nne. Jibu lenyewe ni kwamba hakuna aliyekosea. Excel iko sawa, SPSS iko sawa, na mkono wako uko sawa kabisa, mimi mwenyewe nimezipiga zote tatu nikapata hizo hizo. Kosa lingekuja kama ungechukua 14 ukaiweka kwenye jedwali alafu chini yake ukabandika grafu ya rafiki yako iliyotoka SPSS, hapo supavaiza angekubana na usingekuwa na la kujibu.

Najua jibu la hivi linaudhi. Tumekuzwa tukijua hesabu ina jibu moja, ukileta lingine unachapwa. Ila hapa tatizo haliko kwenye kuhesabu, liko kwenye neno "robo" lenyewe, maana watu hawajawahi kukubaliana robo inakaa wapi data ikiwa kidogo. Ngoja nikuonyeshe kwa data yako, panga kwanza kutoka chini kwenda juu:

12, 15, 18, 22, 24, 26, 30, 34, 40, 95

Namba ya kati haina ugomvi. Watano huku, watano huku, katikati ya 24 na 26 ni 25, na kila programu itakwambia 25. Ugomvi unaanza ukitaka robo kwa sababu kumi haigawanyiki kwa nne. Robo ya raida kumi ni raida wawili na nusu, sasa nusu ya raida umemuona steji gani? Lazima mtu aamue huyo nusu anasimama wapi, na kila aliyetengeneza programu aliamua kivyake.

Mimi huwa nawaelezea watu kwa nguzo za ua wa ng'ombe. Chukua hizo namba kumi zako kama nguzo kumi zimesimama mstari mmoja. Kati ya nguzo kumi kuna nafasi ngapi? Tisa, siyo kumi, na hapo hata mafundi hukosea wakienda kununua waya. Sasa Excel, ukitumia QUARTILE.INC au ile QUARTILE ya zamani, inasema safari inaanzia nguzo ya kwanza inaishia nguzo ya kumi basi, hakuna kitu nje ya hapo. Urefu wa safari ni nafasi tisa, robo yake ni 2.25. Ukitembea nafasi 2.25 toka nguzo ya kwanza unaipita kidogo nguzo ya tatu, uko robo ya njia kuelekea ya nne. Nguzo ya tatu ni 18, ya nne ni 22, kati yao kuna 4, robo ya 4 ni 1, kwa hiyo robo ya kwanza ni 19. Fanya hivyo hivyo ukirudi nyuma toka juu utaangukia kati ya 30 na 34, unapata 33. Toa 19 kwenye 33, hiyo ndo 14 yako.

SPSS yenyewe inawaza kivingine. Inasema hawa kumi ni sampuli tu, huyu wa 12 siyo raida maskini kuliko wote Busia, lazima kuna mwingine alipata kidogo zaidi ila hukumkuta siku hiyo, na juu ya huyo wa 95 pia anaweza kuwepo mwingine. Kwa hiyo inaongeza nafasi moja upande wa chini na moja upande wa juu, zinakuwa nafasi kumi na moja. Robo ya kumi na moja ni 2.75, na unaanza kutembea toka ile nguzo isiyoonekana, tuiite nguzo sifuri. Unaishia kati ya nguzo ya pili na ya tatu, yaani 15 ukiongeza robo tatu ya 3, ni 17.25. Juu unapata 34 ukiongeza robo ya 6, ni 35.5. Tofauti 18.25. Ukitaka Excel ikupe jibu hilo la rafiki yako andika QUARTILE.EXC badala ya QUARTILE.INC, zote mbili ziliingia kwenye Excel ya 2010, na ile QUARTILE iliyokuwepo kabla inafanya kama INC.

Ya mkono ndo rahisi kuliko zote. Kata kundi nusu, chukua wa katikati wa kila nusu. Nusu ya chini wako watano, wa kati ni 18, nusu ya juu wa kati ni 34, tofauti 16. Hii iko karibu sana na njia ya John Tukey, yule Mmarekani aliyetuletea boksi ploti, ile grafu ya boksi inayoonyesha robo, yeye hizo namba mbili aliziita bawaba, kama za mlango. Kwa watu kumi mnakubaliana, lakini mngekuwa na watu kumi na moja mngegombana naye, kwa sababu kunakuwa na mtu mmoja wa katikati kabisa na Tukey anamuhesabu kwenye nusu zote mbili wakati walimu wengi wanamtoa.

Na usidhani ziko tatu tu. Mwaka 1996 wanatakwimu wawili, Rob Hyndman na Yanan Fan, walikusanya njia zinazotumiwa na programu za takwimu wakazipa namba, zikafika tisa. Tisa! Wao wenyewe walipendekeza ya nane, alafu programu nyingi zikaendelea na mazoea yake. Hizo namba ni muhimu kuzijua kwa sababu R, programu nyingine ya takwimu, inazitumia vile vile. Ukiingia R ukaandika (IQR ni kifupi cha Kiingereza cha hiyo tofauti ya robo):

x <- c(22, 95, 15, 30, 12, 40, 26, 18, 34, 24)
IQR(x)
IQR(x, type = 6)
fivenum(x)

mstari wa pili utakupa 14 kwa sababu R bila kuambiwa kitu inatumia ya saba, ambayo ndo hiyo hiyo INC ya Excel. Wa tatu utakupa 18.25, ya sita ndo ya SPSS, na ya Minitab pia, programu nyingine ya takwimu. Wa nne utakuletea namba tano, 12, 18, 25, 34, 95, hizo 18 na 34 ni bawaba za Tukey, na ukitoa moja kwa nyingine unarudi kwenye 16 yako ya mkono. Yaani programu moja, dakika moja, majibu yote matatu yako mbele yako, ukimuonyesha supavaiza hilo atajua umeelewa kuliko hata alivyouliza.

Kwa wanaotumia Python, lugha ya kuandikia programu, mambo ni yale yale ila kuna mtego. numpy, kifurushi cha hesabu cha Python, ukiiomba asilimia ya 25 na ya 75 itakupa 19 na 33, lakini ile statistics inayokuja na Python yenyewe, ukiandika statistics.quantiles(x, n=4) inakupa 17.25, 25 na 35.5. Lugha moja, laptopu moja, majibu mawili, na hakuna hata onyo.

Kama hauna laptopu usijali, Google Sheets kwenye simu inazo QUARTILE.INC na QUARTILE.EXC, na LibreOffice Calc ni ya bure nayo inazo. R pia ni ya bure. Nasema hivyo kwa sababu najua hizi SPSS za kupeana kwa flashi, mtu anaingiza programu pamoja na virusi sita alafu risachi inapotea wiki ya mwisho.

Sasa uandike ipi. Mimi nikiwa wewe ningeuliza kwanza supavaiza anatumia programu gani, kwa sababu atakagua kwa hiyo. Akisema SPSS, andika 18.25 mambo yaishe, na kwa kweli kwa kazi yako hiyo ndo ningeichagua hata bila kuuliza, maana wale kumi ni sampuli ya raida wengi ambao hukuwahoji na hiyo njia angalau inakumbuka kwamba wapo. Ungekuwa umehoji raida wote wa steji na ripoti ni ya steji hiyo tu hakuna wengine nje, ningekwambia INC. Lakini sitagombana na mtu aliyechagua tofauti na mimi. Nitagombana na asiyesema amechagua ipi. Andika sentensi moja chini ya jedwali, kitu kama "robo zimekokotolewa kwa QUARTILE.EXC ya Excel, raida 10", basi, yeyote akitaka kurudia hesabu atapata ulichopata.

Hili naliongea kwa sababu lilinichoma mimi mwenyewe. Zamani nikiwa nafanya takwimu za maziwa upande wa Mbarara nilitengeneza jedwali kwa Excel na boksi ploti kwa R, sikujua kwamba boksi ya R inachorwa kwa bawaba siyo kwa INC, nikapeleka ripoti nikiwa nimejiamini kabisa. Mzee mmoja kwenye mkutano akatoa rula akapima boksi kwenye karatasi, akaniuliza mbona kwenye grafu robo inaanzia hapa na kwenye jedwali inaanzia pale. Nilisimama pale kama nguzo. Na Excel nayo ina huo mtego siku hizi, ile chati ya boksi iliyokuja na Excel 2016 isipoguswa imewekwa kwenye upande wa "exclusive", kwa hiyo ukiwa na jedwali la INC na chati ya Excel hiyo hiyo bado zinaweza kukataana. Bonyeza boksi kwa kitufe cha kulia cha mausi, fungua mpangilio wa data, utaona pa kubadilisha.

Utauliza, hii tofauti ya 14 na 18.25 si ni kubwa sana? Ndiyo, kwa watu kumi ni kubwa. Ukiwa na raida mia nne hizo nafasi kati ya nguzo na nguzo zinakuwa ndogo, njia zote zinasimama karibu pale pale na hakuna atakayekuuliza. Kwa hiyo ukipata nauli na muda ongeza watu, hiyo itakusaidia kuliko kubishana na fomula. Lakini kwa kumi tofauti inauma hata kwenye maamuzi. Chukua ile sheria ya Tukey ya kumtambua aliyezidi kupita kiasi, robo ya tatu ukiongeza mara moja na nusu ya hiyo tofauti. Kwa INC mpaka unakuwa 54, kwa mkono 58, kwa EXC ni karibu 62.9. Raida wako wa 95 anapita mipaka yote, sawa. Ila tuseme angekuwa ameingiza 60, mpaka wa INC ungesema huyu siyo wa kawaida na mpaka wa EXC ungesema huyu ni mwenzetu tu. Mtu yule yule, pesa ile ile.

Na kabla hujafunga hiyo Excel, angalia vitu viwili ambavyo naona vinaua risachi nyingi kuliko hizi robo. Cha kwanza, umeandikaje namba. Sisi huku tumezoea kuandika 30,000/= au 30k, na Excel ikiona hiyo /= au k haioni namba, inaona maneno, alafu inayaruka kimya kimya bila kukwambia. Unadhani umehesabu watu kumi kumbe umehesabu saba. Dawa yake ni kuandika =COUNT(A2:A11) pembeni, ikileta 10 uko salama, ikileta pungufu tafuta seli ambazo maandishi yamelalia kushoto. Usitumie COUNTA hapo, yenyewe inahesabu hata maneno kwa hiyo itakudanganya.

Cha pili ni raida ambaye hakufanya kazi siku hiyo. Ukiweka sifuri anahesabiwa kama aliyeingiza sifuri, ukiacha wazi haesabiwi kabisa, na robo ya kwanza inahama. Fomula haitakuamulia hilo. Kama alikuja steji akakaa kutwa bila abiria, hiyo ni sifuri ya kweli iandike. Kama alikuwa mgonjwa nyumbani acha wazi. Kwenye R ile ya wazi unaiandika NA na hapo IQR itakataa kabisa kufanya kazi mpaka umwambie na.rm = TRUE, watu wanakasirika ila mimi naipenda hiyo tabia, bora programu inayogoma kuliko inayonyamaza.

Najua pia utaulizwa mbona hukutumia mkengeuko sanifu, hii ambayo wengi tunaiita standadi divieshini, inayopima namba ziko mbali kiasi gani na wastani. Jibu lako liko kwa yule wa 95. Kwa raida wote kumi STDEV.S ya Excel inakupa 23.86. Mtoe huyo mmoja, wakibaki tisa, inashuka mpaka 9.07. Mtu mmoja amebeba zaidi ya nusu ya mtawanyiko wote! Ile ya robo kwa INC inatoka 14 kwenda 12 tu, haijashtuka. Tena ungekosea kidole ukaandika 950 badala ya 95, mkengeuko ungeruka mpaka 292.78 na robo zisingesogea hata kidogo, zinabaki 19 na 33. Ndo maana supavaiza wako amechagua vizuri, mapato ya boda siku zote yana mtu mmoja aliyepata bahati.

Ukilazimishwa kuweka mkengeuko uweke tu pembeni, ila nako kuna njia mbili, STDEV.S kwa sampuli ambayo inagawa kwa tisa, na STDEV.P kwa watu wote ambayo inagawa kwa kumi na inakupa 22.64. Wewe una sampuli, tumia S. Na kama rafiki yako anatumia Python mwambie numpy bila kuambiwa inatoa 22.64 na pandas, kifurushi kingine cha Python, inatoa 23.86, asije akakupigia usiku.

Kwa hiyo kwenye ripoti ningeandika hivi: "Raida wa katikati aliingiza shilingi 25,000 kwa siku. Takriban nusu ya raida, wale walio katikati, waliingiza kati ya 17,250 na 35,500, tofauti ya 18,250 kwa njia ya QUARTILE.EXC." Ona nimerudisha zile sifuri tatu, usimuache msomaji adhani mtu wa Busia anaishi kwa shilingi 25.

Alafu kabla ya kupeleka, rudi steji umuulize yule wa 95. Inawezekana alipata mzigo wa kwenda Tororo, inawezekana alikutajia pesa ya siku mbili, inawezekana pia alikuwa anakuringia tu kwa sababu ulikuja na kalamu na daftari. Ukishajua, andika kwenye ripoti, usimfute.